Nimechezesha midomo miaka 11, sasa naitwa kuimba

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamume wa miaka 37, mzaliwa wa Ganda, naishi Malindi mjini na mke wangu na watoto wetu wawili. Kazi yangu ni kuigiza na kuelekeza tamthilia za muziki. Nikisema hivyo mtaani watu huniuliza, "Sawa, lakini kazi hasa unafanya gani?"

Nilianza shuleni, kwenye tamasha za drama. Nilipomaliza kidato cha nne nikapanda basi la usiku kwenda Nairobi. Huko nilizunguka miaka kadhaa na vikundi vinavyoigiza vitabu vya fasihi vinavyotahiniwa, shule moja asubuhi, nyingine mchana, maleba yote ndani ya gunia moja. Mara mbili nilipata nafasi kwenye tamthilia ya muziki pale Kenya National Theatre. Mara ya pili nilipewa wimbo wa peke yangu, dakika tatu. Shangazi, zile dakika tatu sijazisahau mpaka leo. Taa ilikuwa inanipiga usoni simwoni mtu, lakini nilipofika kwenye ubeti wa mwisho nikapunguza sauti, nikasikia ukumbi mzima umenyamaza kunifuata.

Kisha baba akafariki. Mimi ndiye kifungua mimba, nikarudi nyumbani. Mwaka 2014 nikapata kazi katika hoteli moja ya ufuoni, kwenye kikosi cha kuburudisha wageni, na wageni wetu wengi ni Waitaliano. Asubuhi naongoza mazoezi ya viungo ndani ya bwawa, nikihesabu kwa Kiitaliano juu ya kelele za muziki. Mchana michezo ya ufuoni. Usiku tunaweka zile tamthilia kubwa za Broadway, mtaa wa maonyesho wa New York, na za London, tumezifupisha ziwe dakika 40. Lakini hatuimbi. Wimbo unatoka kwenye spika, sisi tunacheza na kuchezesha midomo. Nimekuwa simba, nimekuwa paka, nimekuwa mtoto wa mfalme. Nazijua zile nyimbo mpaka mahali mwimbaji anapovuta pumzi, maana nisipoinua kifua pamoja naye, mgeni wa meza ya mbele atajua. Miaka sita sasa mimi ndiye mwelekezi wa kikosi.

Mwaka 2016 nilioa. Mwaka 2020 korona ilipofunga hoteli nikaendesha bodaboda, na jioni nikawa nakusanya vijana waliokuwa hawaendi shule, chini ya mwembe huko Muyeye, nawafundisha kuimba na kuigiza. Hoteli zilifunguliwa, vijana hawakuondoka. Sasa wako 16, na kwa miaka miwili tumejenga tamthilia ya muziki juu ya Mekatilili wa Menza, yule mama wa Kigiriama aliyewapinga Waingereza. Hatuna spika wala jenereta. Ni ngoma, kayamba na koo zao. Mimi siimbi humo, mimi naelekeza.

Sasa mwezi huu mambo matatu yamenijia pamoja. La kwanza, hoteli imenipa mkataba wa mwaka mzima, niwe mkuu wa burudani. Kwa kawaida masika yakianza hoteli hufunga, sisi hurudishwa nyumbani mpaka Julai bila mshahara. Kwa mkataba huu nitalipwa kila mwezi. Masharti ni kwamba nisifanye maonyesho nje, na kwamba Mekatilili ioneshwe kila Alhamisi kando ya bwawa, dakika 30, wageni wakila. Meneja aliiona kwenye simu yangu, akapenda hasa ile sehemu ya ngoma ya kifudu.

La pili, mwelekezi niliyeigiza naye zamani Nairobi ameandika tamthilia mpya na ananitaka kwenye nafasi kubwa. Mazoezi ni wiki nane kuanzia Novemba, maonyesho Januari, yaani msimu wetu wote wa wageni. Malipo ni kwa kila onyesho. Anataka kwanza nimtumie rekodi nikiimba nyimbo mbili. Nimejirekodi mara tisa, mara tisa nimefuta. Nikipanda juu sauti inakwaruza. Nadhani ni hii simu.

La tatu, mzee mmoja alipita kwenye mazoezi yetu, akatazama mpaka mwisho, akaniambia, "Mwanangu, kifudu si ngoma ya kuchezwa popote. Ni ya msiba." Akaenda zake. Wasichana wawili hawajarudi tena.

Mke wangu ana kibanda cha viazi karai, ndicho kinachotulisha hoteli zikifungwa. Nilipomwambia habari za Nairobi alinijibu neno moja tu: "Baba watoto, watoto hawali makofi."

Shangazi, naambiwa mshika mbili moja humponyoka, nami nimeshika tatu. Niwe mwigizaji au mwelekezi? Kwa umri wangu naona mlango unafungwa, nisipoenda sasa sitaenda tena. Nifanyeje?

Mwana wa Ganda, Malindi

Shangazi anajibu

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu niliisoma kwa sauti, kama inavyostahili barua ya mtu wa jukwaa. Unaniuliza uwe mwigizaji au mwelekezi. Mbele yako una mshahara wa mwaka mzima wenye masharti, una mwaliko wa Nairobi utakaokula msimu wako wa wageni, una vijana 16 na mzee aliyewaachia neno zito. Yote hayo nitayafikia. Lakini kuna sentensi moja uliyoipitisha haraka haraka, nayo ndiyo iliyonikalia kifuani: umejirekodi mara tisa, ukafuta mara tisa, ukailaumu simu.

Simu hiyohiyo ndiyo iliyomwonyesha meneja wako tamthilia ya vijana akaipenda. Basi tuiache simu, tuzungumze juu ya koo.

Umeniambia kwamba usiku huimbi, nami naamini ndiyo maana unadhani sauti yako imepumzika miaka 11. Haikupumzika. Kila asubuhi unapiga kelele bwawani kushinda spika, na mchana unapiga kelele ufuoni kushinda upepo. Kupiga kelele hivyo siku baada ya siku, miaka nenda miaka rudi, huchubua nyuzi za sauti, na mara nyingine huotesha vinundu vidogo juu yake. Mwenye vinundu anaweza kuongea vizuri tu, lakini akipanda juu sauti hukwaruza au hukatika. Sisemi kwamba unavyo, mimi si daktari. Nasema ukwaruzo uliozidi wiki tatu unataka daktari wa masikio, pua na koo, na yeye anaweza kuzitazama nyuzi zako kwa kijidude cha kuchungulia ndani ya koo akakwambia palivyo. Mara nyingi vinundu hupungua kwa kupumzisha sauti na kujifunza upya namna ya kuitoa. Tena usije ukajitibu kwa kunong'ona, watu wengi hudhani kunong'ona ni kupumzika, kumbe nako kunaweza kuchosha koo. Na ukirudi kazini, omba kipaza sauti cha bwawani. Ni kitu kidogo kwa hoteli, kwako ni chombo cha kazi kama nyavu kwa mvuvi.

Inawezekana daktari akakuambia koo ni zima. Hapo utajua kwamba kinachokwaruza ni kitu kingine. Kwa miaka 11 umefungua kinywa ukatoka wimbo uliokwisha kukamilika, usio na kosa hata moja, wa mwimbaji aliyerekodi studio. Leo ukifungua kinywa inatoka sauti ya mtu wa miaka 37, yenye pumzi fupi na kutu kidogo, nawe unaipima kwa ile ya kwenye spika. Nani angependa rekodi yake akiipima hivyo? Hata wewe wa zile dakika tatu usingefika kwenye kipimo hicho. Ile siku ukumbi ulinyamaza kwa sababu ulipunguza sauti mahali ambapo uliona panafaa. Spika haijui kufanya hivyo.

Sasa huo mlango unaofungwa. Nani amekuambia unafungwa? Katika tamthilia za muziki kuna nafasi za vijana, kweli, zile za kuruka na kupenda. Lakini baba, mfalme, mzee wa baraza, mtawala katili, hao hawapewi mtoto wa miaka 22, na sauti nzito ya mwanamume mara nyingi hukomaa akiwa ameshavuka 30. Huyo rafiki yako amekukumbuka baada ya miaka yote hii. Muulize amekuona katika nafasi gani na kwa nini. Jibu lake litakufundisha zaidi ya hofu yako.

Vilevile sina hakika kwamba kuigiza na kuelekeza ni njia mbili zinazoachana. Bob Fosse wa Marekani, aliyezaliwa Chicago mwaka 1927, alianza kama mchezaji, akaigiza, akatunga michezo ya miguu, kisha akawa mwelekezi, na katika mwaka 1973 pekee alizoa tuzo za uelekezi za Tony (jukwaa), Oscar (filamu) na Emmy (televisheni). Michezo yake ilitambulika kwa mabega ya kuinama na magoti yaliyogeuzwa ndani, mambo aliyoyatoa kwenye mwili wake mwenyewe. Mwelekezi aliyewahi kusimama kwenye taa anajua mwigizaji anaogopa nini. Kwa hiyo nakurudishia swali lako limegeuka kidogo: unaelekeza kwa sababu unapenda kuelekeza, au kwa sababu mwelekezi haombwi aimbe? Usinijibu mimi.

Nairobi yenyewe itazame bila ukungu. Broadway na London tamthilia ikikaa huchezwa mara nane kwa wiki, miezi na miaka, ndiyo maana mwigizaji wa huko anaweza kuhesabu mshahara. Kwetu maonyesho mengi ni ya wikendi, na wewe unalipwa kwa kila onyesho. Zidisha idadi ya maonyesho kwa malipo, toa chumba, chakula na nauli za wiki zile nane za mazoezi ambazo sijasikia ukisema zina malipo, toa mshahara wa Desemba ambao hutaupata Malindi. Kinachobaki, kiandike kwenye karatasi, kiwe kingi au kidogo au chini ya sifuri. Muombe rafiki yako kwa maandishi: siku za mazoezi, nani anakulaza, unalipwa lini, ikiahirishwa inakuwaje. Urafiki wa jukwaani ni mtamu lakini umewahi kuvunjika kwa sababu ya nauli. Muulize pia kama wiki za mwanzo unaweza kujifunza nyimbo ukiwa Malindi kwa rekodi, ukapanda baadaye. Akikataa, umejua. Akikubali, hesabu inabadilika.

Upande wa hoteli nataka kwanza nikutetee dhidi yako mwenyewe. Umeandika kuhusu kazi ile kama mtu anayeungama kosa. Kuchukua tamthilia ya saa mbili na nusu ukaibana dakika 40 na mgeni asiyejua hadithi akaielewa ni uelekezi. Kuwapanga watu 10 waonekane 30 ni uelekezi. Na mshahara wa Aprili, Mei na Juni katika mji ambao nusu ya majirani zako husubiri Julai kwa mikono mitupu si jambo la kupuuzwa, wala mtu yeyote asikuambie kwamba msanii wa kweli hulala njaa.

Lakini huo mkataba usiutie sahihi kwenye kaunta ya mapokezi. Kwa sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kazi ya sanaa inayotungwa na mwajiriwa katika shughuli za ajira yake huhesabiwa kuwa ya mwajiri, isipokuwa wamekubaliana vingine. Mekatilili yenu ilitungwa chini ya mwembe, nje ya kazi. Ikianza kuchezwa kila Alhamisi ndani ya mkataba, ukaifupisha na kuiongezea humo, siku moja mtu anaweza kuuliza ile ya bwawani ni ya nani. Basi kabla ya chochote, andikeni mchezo wote pamoja na nyimbo, muusajili kwenye Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, na kwenye mkataba idaiwe sentensi inayosema mchezo huo ni wenu. Nimesema ni wenu kwa makusudi. Umeniandikia "tumejenga". Vijana 16 wanajua nani alitunga ubeti gani? Kaeni mliandike hilo sasa mkiwa bado mnapendana. Lile sharti la kutofanya maonyesho nje nalo linajadilika kuliko unavyodhani. Meneja anayekutaka mwaka mzima ameshaonyesha kwamba anakuhitaji. Muulize anaogopa nini hasa. Huenda anaogopa tu usiende hoteli ya jirani.

Sasa nije kwa mzee, na hapa nitakaa kidogo.

Wewe ni mwana wa Ganda, sitakufundisha ya kwenu. Lakini mwaka 1913, Waingereza walipotaka kodi na vijana wa kwenda kuwafanyia kazi, Mekatilili, mama mjane, alikusanya watu kwa ngoma hii hii ya kifudu. Watu waliitika wito wa ngoma ya msiba, wakaondoka wamekula kiapo. Mwaka huohuo alikamatwa, akapelekwa mbali mpaka Kisii, akatoroka akarudi kwa miguu. Mwaka 1914 Waingereza wakailipua Kaya Fungo, msitu mtakatifu wa Wagiriama, kwa baruti. Kwa hiyo kifudu kimewahi kutoka mahali pake, na aliyekitoa ni huyo huyo mnayemwimba. Unaweza kumjibu mzee hivyo, na utakuwa na hoja. Lakini mzee hakukuletea mdahalo. Ametazama mazoezi mpaka mwisho. Angekuwa na hasira angeondoka katikati.

Hebu fikiri alichokusudia. Mekatilili aliichukua ngoma ya msiba kwa sababu kulikuwa na msiba, nchi ilikuwa inachukuliwa. Hakuibeba kwa kuwa inapendeza. Labda mzee anauliza tu: nyinyi mnapoicheza, ni nani aliyekufa? Kama vijana wako wanajua jibu, katika tukio lile la kaya kulipuliwa kwa mfano, pengine mzee ataona ngoma imekaa mahali pake. Kama imewekwa kwa sababu ndiyo sehemu inayopigiwa makofi, huenda wale wasichana wawili walilihisi hilo kabla yako.

Mtafute. Usiende peke yako, nenda na wasichana hao, na uende kwa utaratibu wa kwenu, na kadzama, yaani tembo la mnazi la kuwaona wazee, ikihitajika. Usiende kuomba ruhusa iliyokwisha kuamuliwa. Nenda ukamuulize kifudu kinaanzaje, nani anaruhusiwa kukipiga, kinaishaje. Inawezekana akakataa kabisa, na hapo utalazimika kujenga tukio lile upya, kwa ngoma nyingine kama gonda au mwanzele, au kwa ukimya mtupu, na itakuuma. Inawezekana pia akakaa chini akakuonyesha mguu unaokosewa. Nimeona wazee wakikataa kwa maneno na kufundisha kwa mikono, jioni moja.

Hapo ndipo Alhamisi ya bwawani nayo itajieleza yenyewe. Jione umesimama pembeni, wageni wanakula tunda la mwisho, mhudumu anapita na kahawa, na vijana wako wanaingia na kifudu. Moyo wako unasemaje? Pengine utaona inawezekana kuipa hoteli sehemu nyingine ya mchezo, yenye shangwe, na kifudu kikabaki Muyeye. Pengine meneja atakataa. Kuna dakika 30 za kila aina, si lazima ziwe zile alizoziona yeye kwenye simu.

Nimemweka mke wako mwisho kwa sababu yeye ndiye niliyemfikiria zaidi. "Watoto hawali makofi" ni neno la mtu anayesimama mbele ya karai la mafuta ya moto msimu hadi msimu. Ni neno la hesabu, si la dharau, nami namheshimu kwalo. Mpelekee ile karatasi ya Nairobi na ule mkataba wa hoteli, mkae nazo usiku watoto wakilala, ahesabu yeye. Anajua bei ya viazi na mafuta kuliko mimi na wewe.

Lakini mwanangu, nimehesabu na miaka yako. Uliingia hotelini 2014, mkaoana 2016. Mtu anayeambiwa leo asubiri Desemba bila mshahara kwa ajili ya sauti yako, sauti hiyo hajawahi kuisikia jukwaani. Amekuona ukiwa simba na paka, kama aliruhusiwa kuingia, na sauti ilikuwa ya mtu mwingine. Kabla hujarekodi mara ya kumi, mwombe Jumamosi moja afunge kibanda mapema aje Muyeye, akae kwenye benchi na wale vijana. Ukishamwona daktari na akakuruhusu, imba ule wimbo wako wa dakika tatu, bila kujirekodi. Usimuulize umeimbaje. Kaeni, mrudi nyumbani pamoja, usikie atakachokianzisha yeye.